Vibaya ya Huku na Vibaya ya Bara

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na hakuna neno nililolikata kwa kalamu nyekundu zaidi ya neno "vibaya". Si kwamba neno lenyewe ni baya. Likikaa mahali pake halina tatizo. Mtoto amemjibu mkubwa wake vibaya. Jirani amemsema jirani yake vibaya. Msichana amekaa vibaya, na mama mtu anamkonyeza ashushe gauni. Popote liendapo linabeba ukali, au utovu wa adabu, au madhara. Ndivyo nilivyolijua tangu utotoni Likoni, na ndivyo ninavyolifundisha hapa Kisauni. Halafu mtoto ananiletea insha: "Siku ya Krismasi mama alifurahi vibaya." Namuuliza, alifurahi vibaya vipi? Alivunja vyombo? Darasa zima linacheka, na nusu yao wanacheka kwa kufuata mkumbo tu, maana kwao mama zao nao hufurahi vibaya.

Nikirudi nyumbani sipati nafuu. Mume wangu ni mtu wa bara, kutoka magharibi huko kwenye mahindi na mvua. Anaendesha foklifti katika yadi ya makontena Changamwe. Akila embe: "Tamu vibaya." Akivua viatu baada ya kazi: "Nimechoka vibaya." Wakati ananichumbia aliniambia kwamba ananipenda vibaya, nami nikamsahihisha pale pale, maana ualimu ulikuwa umeshanikaa kichwani. Akanitazama, akasema, "Sawa, mwalimu. Nakupenda vizuri." Hilo la vizuri halikunifurahisha hata kidogo. Lilikuwa limepoa. Nikamwambia arudishe lile la kwanza.

"Na nyinyi watu wa Pwani mkicheka mnavunjika mbavu," huniambia nikimsumbua sana. "Nani ashawahi kupelekwa hospitali?"

Basi tuliishi hivyo, kwa utani na amani, mpaka mama yangu alipokuja kukaa nasi.

Mama alikuwa akiishi Timbwani, kule Likoni, peke yake tangu baba alipofariki. Wazee wake walitoka Rabai wakaja Likoni kutafuta vibarua, na yeye ni mtu wa kanisa tangu kuzaliwa, lakini amezungukwa na majirani Waislamu maisha yake yote, na ulimi wake ni wa pale pale. Hajui kuomba maji kwa kusema "lete maji". Ataanza na, "Mwanangu, hapo ulipo hapakosi maji, ee?" Salamu yake ina milango mingi: umeamkaje, wa nyumbani hawajambo, kifua kile kimepungua, na mguu je. Alitulea bila kupandisha sauti. Akikasirika alikuwa akiishusha, na ikishuka sana tulikuwa tukijitafutia kazi za mbali.

Akapata mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alimpasua moja kwanza, la pili lingoje la kwanza lipone. Kisha akaniita kando akanieleza bila kuzungusha. Matone ya dawa kila baada ya saa chache, kwa majuma kadhaa. Asiiname. Asibebe kitu. Asikae penye moshi wala vumbi. Jicho likikosa kutunzwa linaweza kuingiwa na uchafu likafa, na la kwanza likifa, yeye daktari hataligusa la pili hadi wazungumze upya. Huko Timbwani mama alikuwa na seredani yake ya makaa na ua wa mchanga, na si mtu wa kuamka asiufagie. Nikaona wazi kwamba nikimwacha arudi kule, nimemwacha gizani.

Kwa hiyo tukamleta kwetu Mjambere, hapa hapa Kisauni. Mimi nashinda shuleni. Mume wangu alikuwa shifti ya usiku, mchana yuko nyumbani, kwa hiyo kazi ya matone ikawa yake. Aliikubali kabla sijamaliza kumwomba.

Sasa hebu mfikirie mama. Jicho moja limefunikwa, la pili ni ukungu mtupu. Mkwe wake alikuwa amekutana naye mara chache, harusini na siku za sikukuu, na hata hizo mara chache ni kupitia ukungu ule ule. Uso wa yule mwanamume haujui. Anachokijua ni sauti, na sauti ya mtu wa foklifti imezoea kushindana na injini. Mimi hilo halikunipitia akilini kabisa. Mimi uso wake naujua: hawezi kusema maneno mawili bila kucheka, hata akiwa anaagiza kiberiti dukani.

Yaliyotokea nikiwa shuleni niliyapata baadaye, kila mmoja akinisimulia upande wake.

Siku ya kwanza mume wangu alichinja kuku. Akampika kwa mchuzi mwingi, akasonga sima, akaja nayo hadi kwenye kiti cha mama akatangaza, "Mama, leo utakula vibaya!"

Mama akakunja mikono yake mapajani. Alijiuliza amekosa nini. Kisha akasema kwa adabu, "Ahsante, babangu. Nimeshiba."

Hapa ndipo kosa la pili lilipolipanda la kwanza mgongoni. Kwetu mtu akikaribishwa chakula husema ameshiba. Ni heshima. Mwenyeji naye humbembeleza: aa, tonge moja tu, usinivunje moyo. Mgeni hukataa tena, lakini kwa sauti ndogo zaidi, na mara ya tatu hunawa mikono. Mume wangu hayajui haya. Kwao mtu akisema ameshiba, ameshiba. Akachukua sahani akairudisha jikoni, akaifunika vizuri, akaingia kulala. Mama akabaki kitini na harufu ya kuku.

Kesho yake ikawa vivyo hivyo, na keshokutwa. Jioni nikirudi nilikuwa nikishangaa mama anavyokula kwa hamu. Nilidhani ni dawa.

Kisha kuna ile kazi ya matone. Mama anasema ilikuwa amri juu ya amri. "Angalia juu! Usifunge! Bado! Toa mkono!" Mume wangu anasema alikuwa akiogopa kwelikweli, vidole vyake ni vya kushika usukani, na kile kichupa ni kidogo, na tone likianguka shavuni ni hasara. Mtu anayeogopa hatafuti maneno ya kubembeleza. Na mama alikuwa akipepesa jicho kila mara, kwa sababu alikuwa akimwogopa yeye.

Siku ya tano, au labda ya sita, jicho liliamka likiwasha na limekuwa jekundu. Mama akalalamika kidogo. Mume wangu akapiga simu kliniki, akaambiwa ni kawaida, aendelee na dawa. Akaja akasimama mbele ya mama, na kwa moyo wake wote, akitaka kumtoa wasiwasi, akasema:

"Mama, wewe usijali. Mimi nitakuangalia vibaya."

Nilipofika nyumbani nilimkuta mama ameketi ukingoni mwa kitanda. Leso zake zimekunjwa, ziko ndani ya mkoba, na mkoba uko miguuni. Sauti yake ilikuwa imeshuka chini kabisa.

"Mwanangu," akasema, "mimi sina neno na mumeo. Nimekuja kwake nikiwa mgonjwa, na nyumba ni yake. Lakini mtu akikwambia wazi kwamba atakuangalia vibaya, tena wewe una jicho lililopasuliwa, unangoja nini? Nipeleke kwangu."

Nikamwambia, mama, bara "vibaya" ni sana. Anakusudia atakutunza sana.

"Sana ipo," akasema mama. "Kwa nini asiseme sana?"

Nikaanza kumweleza kuhusu vielezi. Wallahi nilianza kweli, kana kwamba niko mbele ya ubao: kielezi cha namna, kielezi cha kiasi, jinsi neno linavyohama kutoka hapa kwenda pale. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, maana hamkatizi mtu.

"Mimi sikusoma kama wewe," akasema. "Ila nimeishi. Vibaya ni vibaya."

Mume wangu naye, jikoni, alikuwa ameumia. Hakupandisha sauti safari hii. "Nimekosea wapi? Si nimesema nitamwangalia? Nilale saa ngapi ndio ajue namwangalia?" Macho yake yalikuwa mekundu kuliko jicho la mama kwa kukosa usingizi. Nilimwonea huruma, na nikamkasirikia pia, na nikajikasirikia mimi mwenye vyeti vya Kiswahili ukutani na watu wawili ninaowapenda hawaelewani chini ya paa langu.

Kesho yake akaamua kunyamaza. Alimtia mama dawa bila neno hata moja. Hiyo ndiyo ikawa mbaya zaidi, kwa sababu mama alikuwa na sauti tu ya kumjua nayo, na sasa hata sauti hakuwa nayo. Jumamosi asubuhi akaushika tena mkoba. Nikamkumbusha aliyoyasema daktari. Nikamwambia, mama, ukienda kule jicho hili litakufa. Akasema jicho ni la Mungu.

Kisha, akiwa ameshasimama, akasema atafanya jambo moja kwanza, lisije likasemwa aliondoka kama mtu asiye na wazee. "Mtoto wa watu akikukosea, hugombani na mtoto. Unakwenda kwa mzazi wake. Nipigie mamake."

"Mama yangu?" Mume wangu alitoka chumbani mbio, shati mkononi. "Usipigie mama! Yote mengine sawa, lakini usipigie mama!"

Sikuwahi kumwona akiogopa hivyo. Nikapiga, nikaweka sauti ya wazi, nikamwekea mama simu kwenye meza.

Mama alijiweka sawa, akaanza. "Hujambo, mzazi mwenzangu? Habari za siku nyingi? Wa nyumbani hawajambo? Na wajukuu? Mvua imenyesha huko? Na ng'ombe..."

"Tuko," sauti ikakata kutoka bara. "Sema."

Mama akarudi nyuma kidogo, kama mtu aliyefunguliwa mlango kabla hajabisha. "Sina neno kubwa, mzazi mwenzangu. Ila kuna jambo dogo nimeona si vizuri nisikufikishie, maana sisi sasa ni..."

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu! Mungu apishe mbali!"

"Ah. Umenishtua na hiyo salamu yote. Sema basi."

Mama akaisogelea simu. "Ni kijana wetu. Ameniambia kwamba ataniangalia vibaya."

"Ee," ikasema sauti. "Mimi ndio nilimwambia."

Mimi na mama tukaganda. Mume wangu akaketi sakafuni akajifunika uso kwa shati.

"Wewe ulimwambia?"

"Mimi! Nilimwambia, huyo mama akitoka hospitali mwangalie vibaya sana! Kama ni kulala, usilale! Nikisikia umemwacha peke yake nakuja huko kwa basi nakukata masikio. Kwani amekuacha? Niambie! Amekuacha?"

"La, hajaniacha..."

"Na wewe sasa! Kwa nini unakataa chakula ya kijana yangu? Amenipigia akilia. Anasema anapika, wewe unasema umeshiba. Umeshiba nini? Wewe kula! Kula, macho ipone! Ukikataa tena nakuja na wewe pia nakuchapa. Haya, nimeacha mahindi kwa jua. Mungu akuponye, mama, nakuombea asubuhi na jioni." Simu ikakatika. Kwaheri hakusema.

Mama aliketi wima, mikono mapajani. Nikaona mabega yake yanatikisika, nikadhani analia, nikaruka, maana machozi ni mabaya kwa kidonda. Alikuwa akicheka. Alicheka mpaka nikamshika kichwa kisitikisike, naye akawa anashika mbavu na kuniambia nimwachie.

"Mwanangu," akasema alipopata pumzi, "kumbe huyu mumeo kwao ndiye mpole!"

Kisha akageukia upande alikosikia pumzi ya mkwe wake. "Baba. Kuku amebakia?"

Kuku alikuwa ameisha, tukamkaangia mayai, na mume wangu akafundishwa pale pale mezani sheria ya kukaribisha. Aliielewa kupita kiasi. Tangu siku hiyo mama akisema ameshiba, anaongezewa. Akisema ameshiba kweli, anaongezewa nusu. Mama naye akajifunza kwamba akitaka kitu kwa yule mtu akitaje jina. Ikawa nikirudi shuleni nawasikia kutoka kwenye kibaraza. Mume wangu atasema leo joto ni vibaya, au samaki ni freshi vibaya, na mama atamuuliza, "Hebu tuelewane, baba. Ni vibaya ya huku au vibaya ya bara?"

"Ya bara, mama."

"Haya, lete."

Nilitaka kuwaambia kwamba kielezi hakichukui "ya" namna hiyo. Nikaona ninyamaze, nile samaki.

Jicho lilipona. Siku moja, mchana, wakati wa dawa, mama alilifumbua likawa limetakata, na mtu wa kwanza kumwona sawasawa alikuwa mume wangu, ameinama juu yake na kichupa. Alikuwa akimwamuru: "Angalia juu! Usifunge!" Na alikuwa akicheka, kama kawaida yake, meno yote nje. Mama aliniambia jioni ile, taratibu, kwamba angemwona hivyo tangu mwanzo asingekunja hata leso moja. Nilikwenda jikoni nikalia kidogo. Nilikuwa nimemwachia mama kazi ya kumpenda mtu gizani, na alikuwa ameifanya.

La pili likapasuliwa baada ya miezi michache. Hilo halikuwa na kisa. Mama alikula, akapepesa, akaamrishwa, akapona. Daktari akasema sasa yuko huru, hata kufagia anaweza.

Na hapo ndipo nilipoingiwa na hofu yangu mwenyewe, maana mama akaanza kukunja leso tena. Safari hii bila hasira. Alikuwa ameshukuru kila kitu, mpaka paka wa jirani. Mimi nilitaka abaki. Nilikuwa nimezoea kumkuta kibarazani nikirudi, na Timbwani angeishi peke yake na ua wake. Lakini nimelelewa na yeye. Mtoto hamwamrishi mzazi. Nikamwambia, "Mama, ukipenda kukaa, nyumba ni yako."

"Ahsante, mwanangu. Nisije nikawabana."

"Hutubani, mama. Ila kama moyo wako uko kwako, sikuzuii."

"Najua. Wewe una adabu."

Tukatazamana. Nilijua kwamba anatamani kubembelezwa, na kwamba mimi nimeshabembeleza kadiri adabu inavyoruhusu, na kwamba kwa heshima hizi tutafika kituoni tukipungiana mikono. Akaubeba mkoba akauweka mlangoni. Mimi nikaenda kutafuta viatu vyangu nimsindikize.

Mume wangu akatoka chumbani, ndiyo kwanza ameamka, anajikuna kifua. Akauona mkoba.

"Hii ni ya nani?"

"Wa mama," nikasema. "Anarudi kwake."

Akaudaka kwa mkono mmoja, akaurudisha chumbani kwa mama, nikausikia ukitua juu ya kitanda. Akapita mbele yetu tena akielekea bafuni.

"Mama, huendi mahali," akasema, akafunga mlango, maji yakaanza kumwagika.

Hakusema tafadhali wala ukipenda. Mama alisimama pale mlangoni akiutazama ule mlango wa bafu kwa macho yake mawili mazima. Kisha akavua viatu, akaviweka pembeni, kimoja kando ya mwenzake, akarudi kitini kwake. Akaniomba simu. Dada yake mdogo alikuwa amekwenda Timbwani asubuhi ile, ameshamfagilia nyumba, anamngoja.

"Ningekuja, mdogo wangu," nikamsikia akisema, na sauti yake, iliyozoea kushuka, ilikuwa imepanda hadi majirani wakaweza kuisikia. "Ningekuja, lakini mkwe wangu amekataa. Sikiza nikwambie, amenikataza vikali. Vikali, wallahi!"